Soko lilifungwa, utumwa ukabaki

Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwenye uwanja wa kanisa kuu la Anglikana, kuna shimo lililojengewa, na ndani yake sanamu tano za watu wamefungwa mnyororo shingoni. Ni kazi ya Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Nimesimama pale mara nyingi, na karibu kila mara namsikia mtu akiwaambia wenzake: hapa ndipo utumwa ulipokomeshwa, mwaka 1873. Juzi alikuwa mwalimu na wanafunzi wake, na watoto wakaandika hivyohivyo daftarini. Binti mmoja akauliza, "Sasa walienda wapi?" Akajibiwa kwamba walirudi makwao. Nimeshindwa kunyamaza.

Kukomesha utumwa ni kuondoa haki ya mtu kummiliki mtu. Kukomesha biashara ya watumwa ni kuzuia watu wasisafirishwe na kuuzwa. Kinachotenganisha mambo haya mawili ni neno "biashara", nalo ndilo linaloachwa kila hadithi inaposimuliwa.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said, akiwa amebanwa na Waingereza waliotishia kuizingira Zanzibar kwa manowari, alikubali mkataba uliopiga marufuku kusafirisha watumwa baharini na kufunga masoko ya hadhara. Soko la watumwa la Mkunazini likafungwa, na Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Lakini aliyekuwa akipalilia mikarafuu tarehe 4 Juni, tarehe 6 aliamkia shamba lilelile, la bwana yuleyule.

Kiswahili chenyewe kingetuzindua kama tungekisikiliza. Mtumwa anatokana na kitenzi tuma: ni mtu anayetumwa. Kitenzi hichohicho kimetupa mtume, ndiyo maana Waraka kwa Warumi unaweza kuanza kwa kumwita Paulo mtumwa na mtume kwa mkupuo mmoja. Mtume katumwa na Mungu, ana ujumbe wa kufikisha. Mtumwa hutumwa na binadamu mwenzake, leo maji, kesho kuni, kesho kutwa shambani, na hana pa kusemea "sitaki". Hebu litazameni neno hilo vizuri: ndani yake hamna soko, hamna bei, hamna jahazi. Mzalia, yaani aliyezaliwa utumwani nyumbani kwa bwana, pengine hakuwahi kunadiwa hata siku moja maishani mwake, na alikuwa mtumwa vilevile.

Au tuchukue neno kibarua, tunalolitamka kila siku. Ni barua ndogo. Mjini Zanzibar watumwa walikodishwa kwa kazi ya kutwa, wakapewa kijikaratasi cha kuhesabia siku zao, na sehemu ya ujira ikaenda kwa bwana. Mtu huyo alitembea mwenyewe mjini, alibeba mizigo au kuchambua karafuu, akashika na fedha mkononi. Soko lilipofungwa, fungu la bwana halikupungua kwa sababu hiyo.

Amri iliyougusa utumwa wenyewe ilitolewa tarehe 6 Aprili 1897 na Sultani Hamoud bin Mohammed, wakati Zanzibar iko chini ya himaya ya Uingereza. Hesabuni: miaka 24 baada ya soko kufungwa. Na hata hiyo haikusema kwamba kuanzia leo watumwa wote wako huru. Ilisema mahakama hazitatambua tena dai la mtu kummiliki mtu. Aliyetaka uhuru ilimbidi aende mwenyewe kuuomba, na akiupata aonyeshe kwamba ana makazi na njia ya kujikimu, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Fidia ilikuwepo, ila walilipwa mabwana. Na kwa wengi waliokulia katika desturi za pwani, anayemwacha huru mtumwa ni bwana wake, mbele ya Mungu. Karatasi ya serikali lilikuwa jambo jingine.

Kinachoniuma zaidi ni masuria, yaani wanawake watumwa waliowekwa kinyumba na mabwana zao. Amri ya 1897 iliwaweka kando kwa makusudi. Iliwahesabu kama wake wa nyumbani, wabaki walipo, isipokuwa yule atakayelalamikia ukatili. Haki ya kudai uhuru kama wengine waliingoja hadi 1909, na kila tunaposema "1873" tunawafuta wanawake hao na miaka yao 36.

Sisemi watu wasikusanyike Mkunazini. Watu waliuzwa pale, kwa hiyo ni haki wakumbukwe palepale. Mwalimu wangu, naomba tu watoto wafungue tena daftari, na pale walipoandika "utumwa" waandike "biashara ya watumwa". Chini yake waongeze 1897, kisha 1909. Na yule binti ajibiwe upya. Walio wengi hawakurudi makwao. Wengine walikuwa wamezaliwa hukuhuku Unguja na Pemba, wengine kwao kulikuwa mwendo wa miezi kutoka pwani. Walibaki kwenye mashamba ya karafuu, katika ardhi ambayo bado ilikuwa ya bwana.