Nyungunyungu aliyekatwa hawi wawili

Ujumbe unaozungushwa mara kwa mara katika makundi ya simu, Unguja na Pemba, unadai kwamba nyungunyungu akikatwa kwa jembe huwa wawili wazima, na kwamba mkulima awakate kwa makusudi ili shamba lake lirutubike. Madai hayo si sahihi, na tunaomba yasisambazwe tena. Kipande chenye kichwa, kikikatwa nyuma ya ule mkanda mnene wa mwilini, huweza kupona na pengine kuota mkia. Cha nyuma hujinyonganyonga kwa muda, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika (kosa linaloeleweka), kisha kwa kawaida hufa.

Uwezo unaosimuliwa ni wa planaria, mnyoo bapa wa majini, mwenye seli shina nyingi zinazoweza kujenga upya kiungo chochote, hata ubongo. Majaribio ya mwaka 1898 yalionesha kwamba hata sehemu 1 kati ya 279 za mwili wake huweza kuwa mnyoo kamili.

Mwenye shaka, jembe lake likimkata nyungunyungu kwa bahati mbaya chini ya mikarafuu, avitie vipande vyote viwili katika kopo la udongo wenye unyevunyevu, kisha avikague baada ya wiki chache.