Hakuna Anayeombwa Kuyakana Mema Aliyofundishwa Kabla ya Kuwa Mkatoliki

Katika kuwaandaa watu wazima kwa sakramenti, hakuna kauli inayonisikitisha kama hii: "Katekista, miaka yangu yote kule ilipotea bure." Huisema Mlutheri aliyeimba kwaya tangu utotoni, huisema Mpentekoste aliyelelewa katika mikesha ya maombi, huisema na aliyekuwa Mwislamu aliyezoea kuamka alfajiri kusali. Mara nyingi wameipata kwetu sisi wenyewe, kwa mdhamini au mwanajumuiya mwenye bidii isiyo na mafundisho, aliyewaambia kwamba mwongofu wa kweli sharti ayaite yote ya zamani giza.

Dhana: Mkatoliki halisi huiona imani yake ya awali kuwa haikuwa na lolote la kweli.

Kanisa halimdai mtu maneno hayo. Katika ibada ya kumpokea Mkristo aliyekwisha kubatizwa, yeye hukiri Kanuni ya Imani pamoja na waamini, kisha huongeza kwamba anasadiki yote ambayo Kanisa Katoliki linayasadiki na kuyafundisha kuwa yamefunuliwa na Mungu. Hapo hapana neno la kumlaani mchungaji wake wa zamani, na maelekezo ya ibada yenyewe yanaonya tusionyeshe majivuno ya ushindi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, ulifundisha mwaka 1964, katika hati yake Lumen Gentium, kwamba hata nje ya muundo unaoonekana wa Kanisa yamo mambo mengi ya utakatifu na ya kweli. Na hati nyingine ya Mtaguso huo, Nostra Aetate ya 1965, inawataja Waislamu kwa heshima kwa sababu ya sala, sadaka na mfungo wao.

Tuwatazame basi watakatifu. Matia Mulumba, shahidi wa Uganda aliyeuawa mwaka 1886, alipitia Uislamu, kisha mafundisho ya Waprotestanti, kabla ya kubatizwa Mkatoliki mwaka 1882. Sioni namna ya kuisimulia safari yake kana kwamba ilianzia kwenye kisima cha ubatizo. John Henry Newman, Mwingereza, alipokelewa katika Kanisa Katoliki tarehe 9 Oktoba 1845, na mwaka 1868, akiwa padre Mkatoliki wa miaka mingi, mahubiri aliyoyatoa Oxford akiwa Mwanglikana yalichapishwa upya kwa ridhaa yake. Edith Stein, aliyezaliwa Myahudi na kubatizwa mwaka 1922, aliendelea kumsindikiza mama yake sinagogi, akizifuata zaburi katika kitabu chake cha sala.

Madhara ya dhana hii nayaona kila mwaka, nayo yananiudhi: mtu aliyekuwa akisoma Biblia kila siku anaacha kuisoma kwa kudhani kuwa huo ni ulokole, nasi tunamhesabu kuwa amekomaa. Nawasihi makatekista wenzangu kwamba swali la kwanza kwa mkatekumeni, yaani anayeandaliwa, liwe, "Ni nani aliyekufundisha kusali?" Akishamtaja, aende akamsalimie na kumshukuru, hata kama mazungumzo yatakuwa mazito, maana anayefundishwa kuwadharau walezi wake wa kwanza ataihamishia dharau hiyo kwetu siku tutakapomkwaza.

Dhana: Kuyathamini ya zamani ni kuchanganya dini.

Kuchanganya ni kushikilia kinachopingana na imani. Aliyekuwa Mwislamu hawezi kubaki akisema Yesu ni nabii tu, na aliyekuwa Mlutheri hawezi kuikataa mamlaka ya Baba Mtakatifu. Lakini nidhamu ya kusali kwa saa maalumu haipingani na chochote. Mpeni Masifu ya Asubuhi na ya Jioni, sala za Kanisa za saa hizo, naye atawapita wengi waliozaliwa Wakatoliki.

Dhana: Basi Mtaguso umesema dini zote ni sawa.

Asemaye hivyo hakuifikisha aya mwisho. Nostra Aetate, palepale inaposema kwamba Kanisa halikatai lolote la kweli na takatifu katika dini nyingine, inasema pia kwamba Kanisa limewajibika kumtangaza Kristo aliye njia, ukweli na uzima.

Dhana: Kila anayetoka dhehebu lingine lazima abatizwe upya.

Ubatizo wa maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu haurudiwi, na kanuni ya 869 ya Sheria za Kanisa inakataza kuurudia hata kwa sharti (yaani kwa kusema "kama hujabatizwa") pasipo shaka nzito. Leta cheti chako cha ubatizo. Penye shaka, paroko atachunguza.