Kwa nini vifaranga wa ngege huadimika Julai

Kila mwaka ikifika Juni, simu yangu, mimi mzalishaji wa vifaranga wa samaki, huanza kulia kwa ombi lile lile: vifaranga wa ngege (tilapia) elfu mbili, elfu tatu, na wanatakiwa wiki hii hii. Nami hujibu lile lile: subiri. Wapo wanaodhani nawaficha ili nipandishe bei, na jambo hilo huniuma, kwa sababu sababu yenyewe imo majini na mtu yeyote mwenye kipimajoto anaweza kuiona.

Hapa Kisumu tuko karibu kabisa na ikweta. Mchana wetu haurefuki wala haufupiki kiasi cha kumjulisha samaki kwamba majira yamegeuka. Ngege husikiliza joto la maji. Huzaa vizuri kati ya nyuzi 25 na 30, na maji yakikaribia 20 jike huacha kutaga. Mwezi wa Julai, mawingu yakitanda, bwawa langu la kina cha mita moja huamka na nyuzi 21 au 22. Mchana hupata joto kidogo, usiku hulipoteza lote. Wenzetu wa Nakuru, walio juu zaidi ya mita 1,800, wanaijua shida hii kuliko sisi.

Linganisha na asubuhi ya Februari. Tunainua neti tulimowatenga wazazi, namshika jike aliyevimba kidevu, kisha namfungua kinywa polepole juu ya beseni. Mayai yanamwagika, ya manjano iliyokolea, mamia kwa mamia. Ngege huatamia kinywani, na siku zote hizo hali karibu chochote. Katika nyuzi 28 mayai huanguliwa kwa siku kama 4. Baridi ikiingia siku huongezeka, na kila siku inayoongezeka humpa ukungu nafasi: yai moja likifa hugeuka jeupe, likaota nyuzinyuzi kama pamba, na kesho yake majirani zake nao wameshikwa. Ndiyo maana hata mayai machache ya Julai hunipa vifaranga wachache zaidi.

Kambare, au mumi, ana mambo yake. Yeye hungoja mvua. Masika ya Machi hadi Mei yakijaza mito ya Nyando na Nzoia, mumi hutoka ziwani, hupanda hadi kwenye mafuriko na kutaga usiku juu ya majani yaliyozama. Bwawani hakuna mafuriko, hivyo jike hujaa mayai asiyaachilie mpaka tumdunge sindano ya homoni. Toka sindano hadi kumkamua mayai ni muda wa kama saa 11 maji yakiwa nyuzi 25, lakini yakiwa 20 ni karibu saa 20. Mwaka wangu wa kwanza nilifuata saa za Machi katika baridi ya Julai. Nilimkamua jike mzuri, yakatoka matone tu. Nikakaza mkono, akaumia, na kufikia jioni alikuwa amekufa. Tangu siku hiyo kipimajoto hutangulia sindano.

Mvua yenyewe nayo ina gharama: tope la mashambani likiingia bwawani hufunika mwanga, mimea midogo ya majini hushindwa kutoa oksijeni, na alfajiri unakuta samaki wanahema juu ya maji. Chimba mfereji wa kuyageuza maji hayo kabla ya Machi.

Kwa mfugaji anayeninunulia, ushauri wangu ni aagize Februari au Machi. Akikosa, asihangaike sana, maana hata angewapata Julai wangekua polepole kwa baridi ile ile.

Wiki hii nimetenganisha madume na majike wa ngege. Majike wanakula vizuri, wanapumzika, matumbo yanaanza kujaa. Nitawarudishia madume siku kipimajoto kitakaposoma 25 alfajiri kwa juma zima.