Maziwa ya mkebe kwa mtoto anayenyonya: maswali ya akina mama wa Lamu

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi 3 yenye mshahara, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee, bila hata maji, kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi atimize miaka 2 au zaidi. Mwalimu anayevuka kwa boti kwenda Mokowe kila asubuhi, au mhudumu wa hoteli ya Shela anayerudi nyumbani magharibi, hujikuta katikati ya hesabu hizo mbili, na maswali yafuatayo aghalabu hutoka kwa akina mama wa aina hiyo.

Mtoto wangu analia kila akitolewa titini, na mama mkwe anasema maziwa yangu ni mepesi. Je, nimwongeze ya mkebe, yale ya unga ya watoto wachanga?

Usianzie hapo. Maziwa yanayotangulia kutoka huonekana ya majimaji na yale ya baadaye huwa na mafuta zaidi, ndiyo sababu mtoto huachwa alimalize titi moja kabla ya kupewa la pili. Wepesi huo si kasoro. Kilio nacho kina sababu nyingi, zikiwemo joto, usingizi, gesi tumboni na hamu ya kupakatwa tu. Dalili za kutegemea ni nyingine: kuanzia takriban siku ya 5 mtoto anayeshiba hukojoa mara 6 au zaidi kwa siku moja, mkojo wake ni wa rangi hafifu, unamsikia akimeza anaponyonya, na mstari wa uzito katika kijitabu cha kliniki unapanda. Watoto wengi huwa wameurudia uzito wao wa kuzaliwa wanapotimiza wiki 2. Ikiwa dalili hizo hazipo, mwombe muuguzi akutazame ukinyonyesha, kwa kuwa mara nyingi mtoto ameshika ncha ya chuchu peke yake badala ya kuijaza kinywani mwake pamoja na sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka, na jambo hilo hurekebishwa papo hapo kitandani. Naamini mikebe mingi inayonunuliwa katika wiki za mwanzo ingebaki dukani kama kila mzazi angepata nusu saa ya msaada huo. Wapo hata hivyo wanaohitaji kweli: mama mgonjwa, mtoto ambaye uzito wake hauongezeki hata baada ya mashikio kurekebishwa, na mama ambaye kazi inamweka mbali kutwa nzima. Hao hawastahili kulaumiwa.

Nikiamua kuanza, nianze vipi bila kukausha maziwa yangu?

Kwa utaratibu sana. Mwili hutengeneza maziwa kulingana na yanavyotolewa. Titi linalonyonywa au kukamuliwa huendelea kuzalisha, na lile linaloachwa limejaa hupunguza. Basi subiri, ikiwezekana, hadi wiki 6 hivi baada ya kujifungua, wakati maziwa yameshika kasi, kisha badilisha mnyonyo mmoja tu, ule utakaokuwa mbali nao, tuseme wa adhuhuri. Kaa siku kadhaa, hata wiki nzima, kabla ya kugusa mwingine. Minyonyo ya usiku na ya alfajiri ishike kwa nguvu, kwa sababu homoni inayotengeneza maziwa huwa juu zaidi usiku. Titi likijaa hadi kuuma, kamua kiasi cha kulilegeza tu. Likiwa na uvimbe mwekundu na ukapata homa, endelea kunyonyesha na uende kliniki siku hiyohiyo.

Kabla ya yote hayo, uliza kazini. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa mama kunyonyeshea au kukamulia maziwa. Yaliyokamuliwa katika chombo safi chenye kifuniko hukaa saa 4 hivi katika chumba chenye nyuzi 25, na hadi siku 4 ndani ya friji. Kwa joto letu la Februari na Machi, yahesabie muda mfupi zaidi au yaweke kwenye kibebeo chenye barafu. Anayekamua vizuri mchana huenda asiuhitaji mkebe kabisa.

Maji ya kisima yanafaa kuchanganyia, mradi yamechemshwa?

Swali hili lina uzito wa pekee kwetu. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi chumvi. Maji yakipungua sufuriani kwa kuchemka, chumvi hubaki palepale na kuzidi ukali. Figo za mtoto mchanga hazijaweza kuutoa mzigo huo, na unga wenyewe tayari umepimiwa chumvi zake. Maji ya kisima yenye ladha ya chumvi yafulie nguo. Tumia maji ya mfereji yasiyo na chumvi, au ya mvua kutoka katika jabia, yaani birika la kuhifadhia maji, iliyofunikwa na kusafishwa, na yote mawili yachemshwe. Hata maji ya chupa za dukani hayana budi kuchemshwa, kwa sababu nitakayoieleza sasa.

Kwa nini maji yawe ya moto, ilhali mtoto hunywa ya vuguvugu?

Kwa sababu hata unga wa kiwanda bora hauwi huru na vijidudu vyote. Mkebe uliofungwa vizuri unaweza kuwa na bakteria wachache ambao, wakipata uvuguvugu na muda, huongezeka na kumsababishia mtoto mchanga ugonjwa mkali wa damu au wa utando wa ubongo. Maji yenye nyuzi 70 au zaidi huwaua. Chemsha hadi yatokote, yaache yapoe kwa muda usiozidi dakika 30, mimina kwanza maji uliyoyapima, kisha tia unga kwa kijiko cha mkebe huohuo, ukikisawazisha juu kwa kisu safi bila kuushindilia. Poza chombo ndani ya bakuli la maji baridi, na udondoshe tone upande wa ndani wa kifundo cha mkono kabla ya kumpa. Kwa ajili ya usiku, weka maji yaliyotoka kutokota katika chupa ya chai ambayo haijawahi kutiwa chai, na uchanganye mtoto anapoamka, kwani mchanganyiko uliotayarishwa na kuachwa mezani hautumiki baada ya saa 2. Yanayobaki baada ya mtoto kunywa humwagwa, japo moyo unauma ukikumbuka bei.

Bei hiyo ndiyo inayowashawishi watu kupunguza unga ili mkebe ufike mwisho wa mwezi. Mtoto anayepewa mchanganyiko mwepesi hujaa tumbo bila kushiba, hukonda, na maji yakizidi mwilini anaweza kupata degedege.

Chupa au kikombe?

Kikombe kidogo kisicho na mdomo huoshwa kwa urahisi na hakimzoeshi mtoto mkondo wa haraka unaomfanya alikatae titi. Ukichagua chupa, mkalishe wima kidogo, ishike chupa karibu usawa, na umpumzishe kila baada ya mafunda machache. Akigeuza uso, ameshiba.

Choo chake kimebadilika tangu aanze mkebe. Ni kawaida?

Kuwa kigumu kidogo, chenye rangi iliyokolea zaidi na chenye harufu kali ni kawaida. Damu chooni, vipele vinavyovimba, kutapika kila anapokunywa au kupumua kwa shida si kawaida. Acha maziwa ya mkebe, endelea kunyonyesha, na umfikishe hospitali.

Je, maziwa ya ng'ombe au ya mbuzi hayatoshi?

Hayafai kuwa kinywaji chake kikuu kabla hajatimiza mwaka 1. Asali pia isiguse ulimi wake kabla ya umri huo.

Nina virusi vya Ukimwi na ninatumia dawa. Naweza kuchanganya?

Ushauri ni kunyonyesha pekee kwa miezi 6 huku ukimeza dawa bila kukosa. Ikiwa utalazimika kuongeza maziwa ya mkebe, hiyo si sababu ya kuacha kunyonyesha, lakini zungumza kwanza na muuguzi wako wa kliniki, kwa kuwa mtoto naye ana dawa zake na vipimo vyake.

Nikishaanza mkebe, naweza kurudi kunyonyesha pekee?

Mara nyingi inawezekana. Mweke titini kwanza kila mara, na mara nyingi zaidi usiku na siku za mapumziko, kisha punguza mkebe kidogo kidogo kwa siku kadhaa, ukihesabu mikojo yake na kumpeleka kupimwa uzito kila wiki hadi muuguzi aridhike.