Gofu na afya: faida iko kwa anayetembea uwanja mzima

Tangu kiangazi kianze, watu wanaokuja kwetu madaktari kuomba sertifika ya afya kwa ajili ya michezo wameongezeka, na si wachache wanaoitaka kwa ajili ya gofu. Tunafurahi kuwaona. Tarehe 17 Mei dunia nzima hukumbushwa habari ya tansio, yaani shinikizo la damu, na hapa Lubumbashi siku hiyo huangukia mwanzo wa miezi ambayo mtu anaweza kukaa nje asubuhi nzima bila kunyeshewa. Lakini yapo maneno tunayoyajibu mezani kila siku, na ni afadhali tuyajibu hapa kwa pamoja.

La kwanza ni kwamba gofu haitoi jasho, ni maongezi ya wakubwa juu ya majani. Anayesema hivyo hajawahi kuzunguka mashimo 18 kwa miguu. Huo ni mwendo wa saa nne hivi, hatua kati ya 11,000 na 17,000, pamoja na kuinama, kujipinda na kupanda vilima. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila juma. Mzunguko mmoja wa mashimo 18 unatosha kumfikisha hapo. Asiye na nafasi acheze mashimo 9 mara mbili.

Mwaka 2008 watafiti wa Taasisi ya Karolinska walitoa matokeo kuhusu wachezaji gofu wapatao 300,000 wa Sweden: vifo kati yao vilikuwa pungufu kwa asilimia 40 hivi, wakilinganishwa na watu wa umri, jinsia na hali ya maisha kama yao. Takwimu hiyo tunaomba isomwe polepole. Haisemi kwamba ukinunua fimbo leo umeongezewa miaka, maana mwenye afya tangu mwanzo ndiye aliye rahisi kuendelea kucheza. Utafiti mdogo wa Finland wa mwaka 2023 unatugusa zaidi. Wazee 25 wenye miaka 65 na kuendelea walicheza mashimo 18, na siku nyingine wakatembea kilomita 6. Baada ya mwendo wa aina zote mbili hali ya sukari na mafuta katika damu ilikuwa nzuri zaidi, na gofu ilitangulia kidogo, kwa sababu ingawa mwendo wake ni wa taratibu, unachukua muda mrefu. Kwa hiyo anayezunguka kwa kigari, akishuka kupiga mpira tu na kupanda tena, asijihesabie kilomita ambazo magurudumu yamemtembelea.

La pili linatuchosha zaidi: "Dokta, nimeanza gofu, vidonge vya tansio naviacha." Hapana. Vidonge hupunguzwa na daktari aliyeviandika, baada ya kupima, si na mgonjwa baada ya Jumamosi mbili nzuri. Na mwenye sukari anayejichoma insulini asianze mwendo wa saa nne na tumbo tupu. Ale kwanza, atie mfukoni peremende au ndizi, na akianza kutetemeka na kutoka jasho la baridi asimame, ale, asisubiri kumaliza shimo.

Sasa utaratibu wa sertifika, kwa sababu hapo ndipo malalamiko yanapoanza. Nusu saa kabla ya kupimwa usivute sigara, usinywe kahawa. Nenda chooni kwanza. Utaketi dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Asubuhi za Juni na Julai watu wanafika na sweta na koti, wanataka kitambaa cha mashine kifungwe juu ya hayo yote. Hatufungi. Koti linavuliwa, na sweta ikishindwa kupandishwa inavuliwa pia, la sivyo namba tutakayoandika si yako. Tunapima mara mbili. Ikiwa ni 140 kwa 90 au zaidi, utarudi siku nyingine tupime tena. Ikifika 180 kwa 110, siku hiyo hatusaini, na kutupandishia sauti hakubadilishi kitu isipokuwa kuipandisha tansio zaidi.

Wapo wanaokwepa haya yote kwa kununua karatasi yenye muhuri bila kupimwa na mtu yeyote. Tunaamini wengi hawajui uzito wake. Kifungu cha 124 cha Kitabu cha Pili cha Sheria ya Jinai ya Kongo kinampa anayeghushi maandishi kwa nia ya udanganyifu kifungo cha miezi sita hadi miaka mitano na faini, au kimojawapo, na anayeitumia karatasi hiyo akijua ni ya uongo huadhibiwa kama aliyeitengeneza. Lakini hata polisi asipokukamata, moyo wako haujapimwa.

Mji wetu uko kwenye mita 1,200 hivi juu ya bahari, kwa hiyo jua linachoma hata kukiwa na ubaridi. Kofia yenye ukingo mpana, mikono mirefu, maji. Kwa ndugu zetu wenye ualbino hilo ni sharti, na wacheze asubuhi na mapema. Mgongo wa chini ndio unaoumia zaidi, hasa kwa anayeshuka kwenye gari na kupiga kwa nguvu zote papo hapo. Pasha mwili moto dakika kumi kwanza. Mvua zikirudi, ukisikia ngurumo ondoka uwanjani, usijifiche chini ya mti, na usirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Tumebaki na makedi, wale wanaowabebea wachezaji mifuko ya fimbo, ambao hakuna anayewataja. Wanatembea kilomita zilezile, begani wana mfuko mzito, mara nyingi wa mkanda mmoja unaouvuta mgongo upande, na wengine wametoka mitaa yetu ya Katuba au Kenya kwa miguu bila kugusa bukari (ugali). Mwenye mfuko amnunulie kedi wake mkanda wa mabega mawili na ahakikishe amekula na ana maji. Nao waje kupimwa tansio kama wachezaji wenyewe.