Je, wajua kwa nini Mnara wa Giralda hupandwa kwa njia za mwinuko badala ya ngazi?

Giralda ulikuwa mnara wa msikiti mkuu wa mji wa Seville, Hispania, na leo ni mnara wa kengele wa kanisa kuu la mji huo. Wageni wengi huambiwa kwamba muadhini alikuwa akipanda mnara huu juu ya farasi mara tano kwa siku, na kwamba ndiyo sababu ndani yake kuna njia 35 za mwinuko zinazozunguka hadi juu. Nami niliamini hivyo kwa muda mrefu, kwa kuwa njia hizo ni pana kiasi cha kumpitisha mnyama. Hata hivyo, kupitika na farasi si sawa na kujengwa kwa ajili ya farasi. Mnara wa Kutubiyya wa Marrakesh na ule wa Hassan wa Rabat, ambao haukukamilika, ni kazi ya dola hiyohiyo iliyojenga Giralda, yaani Muwahhidun, dola ya Kiislamu iliyotawala Maghrib na kusini mwa Hispania, nayo ina njia za namna hiyo. Basi tunachokitazama ni desturi ya mafundi, wala si raha ya muadhini mmoja.

Ujenzi ulianza mwaka 1184 chini ya fundi Ahmad ibn Baso, ukakamilika 1198. Waliyoijenga ni minara miwili, mmoja ndani ya mwingine: wa nje una upana wa takribani mita 13.6 kila upande, na wa ndani una vyumba saba vilivyopandana. Njia hupita katikati ya kuta hizo mbili, ikibebwa na matao ya matofali yanayoegemea huku na huku. Fikiria nyumba ya udongo: nguzo zikisimama peke yake huyumba, lakini fito zikifungwa kuzizunguka, zote huwa kitu kimoja. Na kama ukili unavyoshonwa mzunguko juu ya mzunguko hadi ukawa kikapu, ndivyo njia hii inavyozifunga kuta mbili tangu chini. Inaelekea pia kwamba ilirahisisha kupandisha matofali.

Tetemeko la mwaka 1356 liliangusha mipira ya shaba ya kileleni, ila mwili wa mnara ukabaki. Sidai kwamba ni kwa sababu ya njia pekee, maana kuta zenyewe ni nene. Sehemu ya kengele iliyo juu ni nyongeza ya msanifu Hernán Ruiz wakati mnara ulipokuwa wa kanisa, iliyokamilika 1568. Chini yake, mtu aliye nje ataona kwamba madirisha ya upande mmoja hayalingani kwa urefu na ya upande mwingine, kwa kuwa kila dirisha limewekwa pale njia ilipofikia.