Sensa ya joto la ekzosi siyo ya rejeta

Jamani wana Mtwara, hii ya kusema sensa ya joto la ekzosi ndo ileile inayopima maji ya rejeta siyo kweli kabisa. Maji injini ikishapata moto yanacheza kwenye nyuzi 90 hivi, ila moshi wa dizeli chujio la masizi lililopo kwenye ekzosi likiwa linayachoma unafika kama 600, na sensa ipo pale kulinda tabo (ile inayosukuma hewa kwenye injini) na hilo chujio. Sasa mtu taa ya injini ikiwaka anaongeza maji, au fundi anaing'oa sensa kabisa, inauma sana! Mashine ya kupimia gari ikisoma kosa la hiyo sensa anza na waya na soketi yake, maana huku kwetu Mikindani chumvi ya bahari inakula soketi, safisha, pima kwa mita, ndo ununue mpya.